Kijiji Kisicho na Makaburi

Ramani ya kijiji niliichora mwenyewe, juu ya meza ya kuazima iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo huo, nikapangiwa kuwa katibu wa kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa kinaanzishwa porini, nyuma ya Boko. Shule niliiweka juu ya mwinuko. Ghala nikaliweka karibu na njia ya lori, kisha nikalihamisha, kisha nikalirudisha. Kitu kimoja hakikuwamo kwenye ramani ile, nacho ni makaburi.

Si kwamba nilisahau. Nililiuliza jambo hilo kwenye kikao, baada ya kulipanga kichwani juma zima. Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyeona nyoka uani.

"Kijana, kijiji hakijapata hata choo cha shule, wewe unatafuta makaburi?"

Watu wakacheka, nikakaa. Nilielewa baadaye kwamba hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kunyoosha kidole na kusema, hapa ndipo tutakapofukiwa. Kusema hivyo kulikuwa kama kumwita mtu afe.

Nusu ya wanakijiji walikuwa Wazaramo wa palepale, waliosogea kutoka mashamba yao yaliyotawanyika. Nusu nyingine walikuja kwa lori kutoka Manzese na Buguruni, wengi wao wenyeji wa kusini. Hawa wa mjini walikuwa wamehamia kwa mguu mmoja. Nyumba zao mpya zilifungwa kwa magunia, kwa sababu milango yao ya mbao waliiacha mjini, kwenye vyumba walivyowaachia ndugu. Kila Ijumaa baadhi yao walirudi huko, nami nilibaki nikijiuliza ni nani hataonekana Jumatatu.

Jirani yangu mmoja alikuwa mchongaji mzee wa kusini, aliyeishi na mkewe tu. Hawakujaaliwa watoto. Watu wa kusini na Wazaramo ni watani, na mtani wake mkubwa alikuwa bibi mmoja wa Kizaramo aliyepita pale kila asubuhi akienda kisimani.

"Wee mla panya, hujafa tu?"

"Nikifa nani atakuchongea mwiko, mcheza ngoma usiyejua kupika?"

Mwanzoni, mie mtu wa bara, nilidhani wamegombana, nikataka kuwasuluhisha. Walinicheka wote wawili.

Masika yalipoanza mzee yule alishikwa na homa, na alfajiri moja akafariki. Asubuhi ile lori la wilaya lilikuwa limeleta mabati, na dereva alikuwa anarudi mjini kabla ya adhuhuri. Mwenyekiti akaniita pembeni.

"Nenda kamuulize mjane kama tumpeleke Buguruni au tumzike hapahapa. Lakini uliza vizuri."

Vizuri ni vipi? Nilitembea taratibu nikipima maneno. Akizikwa Buguruni, kila mtu atajua kwamba huku ni mahali pa kulima tu, na waliohamia kwa mguu mmoja watauondoa huo mguu. Lakini nilijiona mbaya kwa kumhesabu marehemu kama faida ya kijiji. Nilipofika ndani, kati ya wanawake, maneno yote yalipotea. Nikasema tu, "Shikamoo mama. Pole. Lori linasubiri uamuzi wako."

Mjane hakukasirika. "Mie nataka awe karibu," akasema. "Eda ikiisha niwe napita kumwona. Lakini huku hamna mtu mwanangu. Atalala peke yake porini? Buguruni wapo wenzake."

Yule bibi wa Kizaramo, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasonya kwa nguvu. Akainuka, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akatoka. Nikamfuata, nikiogopa anakwenda kufanya nini.

Mwenyekiti na wanaume kadhaa walikuwa wamesimama penye uwazi kati ya mikorosho, majembe mkononi iwapo mjane atasema hapahapa, kila mmoja akimngoja mwenziwe apige la kwanza. Kwa kawaida wanawake hawaendi kwenye kuchimba kaburi, lakini mtani hazuiwi. Bibi akapita katikati yao, akapiga jembe chini mara moja.

"Huyu mla panya mumlaze hapa. Mnaogopa nini, atawauma?" Kisha akasogea hatua moja pembeni, akajilaza chali kwenye majani mabichi, na kanga zake zote. "Na hapa ni pangu mie. Asije mtu akapachukua. Nikifika nitamsumbua mpaka akome."

Mwanaume mmoja wa Manzese akacheka. "Basi mie niwekeni kule, mbali na kelele zenu." Mwingine akataka upande wa barabarani, ayasikie mabasi ya Bagamoyo. Majembe yakaanza kwenda.

Bibi akainuka akijikung'uta. "Na wewe katibu, utalala wapi na makaratasi yako? Kimbia ukamwambie mwenzangu niliyoyasema. Usipunguze neno."

Njiani nilisitasita. Kumwambia mjane kwamba mumewe ameitwa mla panya, maiti yake ikiwa ndani? Nilifikiria kulainisha, lakini niliogopa bibi zaidi. Nikasema yote, hata lile la kulala chali. Mjane alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilidhani nimeharibu. Alipofunua uso, alikuwa anacheka na machozi yanatoka.

"Kumbe kapata jirani," akasema. "Mwambieni dereva aende zake."

Tulizika kabla ya alasiri. Jioni nikaongeza makaburi kwenye ramani, kwanza kwa penseli, na baadaye kwa wino. Wiki zilizofuata yule mtu wa Manzese alirudi kutoka mjini akiwa na mlango wake kichwani. Wengine wakafuata.

Eda ilipokwisha, asubuhi moja mjane alikuwa akirudi kutoka makaburini, kule mikoroshoni, nami nilikuwa naandika barazani. Alimwona bibi akija na ndoo.

"We mcheza ngoma, nafasi yako imeota magugu! Unangoja nini?"

"Nangoja uje upalilie, mjane wa mla panya. Mie bado nina ngoma Jumamosi."

Wakaenda kisimani pamoja.