Dobi na Miti Yake Miwili

Upepo wa juzi haukuwa upepo, ulikuwa mwizi mwenye hasira. Ulimnyonyoa jogoo wangu akabaki uchi. Asiyeamini aje amuulize mwenyewe. Ukabeba sufuria yangu, ukairudisha imesuguliwa. Lakini leo nasema habari za wifi yangu, mjane wa kaka yangu, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta.

Wifi ni dobi. Amefua nguo za watu tangu kaka afumbe macho, mpaka vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahaulika kwenye beseni. Mikono haiinuki tena bila mabega kulalamika. Mali yake ni miti miwili ya uani, mparachichi na mpera, na kamba za kuanikia katikati. Pasipo kamba hizo hakuna kazi.

Kulipokucha, baada ya upepo ule na mvua yake, tukakuta mparachichi umeinamia ua, mizizi ya upande mmoja iko nje. Na ndani kulikuwa na mablanketi ya nyumba ya wageni, yameshalowekwa. Wenye nyumba hiyo walishamwambia: yasipokuwa tayari jioni, kazi yao inahamia kwa dobi wa mashine.

"Mwite Shoka," nikamwambia. Shoka ndiye mkata miti wa mtaa wetu.

"Huyo ataniachia kisiki. Huu nitausimamisha."

"Kwa nguvu zipi, wifi? Ndoo yenyewe unaiburuta."

"Kwani unanibebea wewe?"

Akazisokota kamba zake zote pamoja, akaufunga mparachichi kwenye mpera, akakaza mpaka kamba ikalia. Mti ukatulia kweli. Tungeishia hapo tungekuwa na akili. Lakini dobi ni dobi, kamba iliyokazwa hawezi kuipita hivi hivi. Nilijipangusa matope miguuni. Kuinua macho, blanketi la kwanza liko juu, linachuruzika maji, na la pili liko begani mwake.

"Wifi, hiyo kamba inashikilia mti!"

"Na mablanketi itashikilia. Kazi mbili, kama mimi."

Alipotundika la mwisho, mpera, uliokuwa umesimama kwenye tope laini, ukang'oka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Mparachichi nao ukaangukia ua. Mablanketi yote matopeni.

Hakulia. Alikaa juu ya gogo, akatazama viganja vyake.

"Nimechoka," akasema, wala si kwangu.

Kisha akainuka kuchota maji. Tukafua upya, tukakamua, yeye ncha ile, mimi ncha hii, na sijui kilichojaza beseni ni maji ya blanketi au jasho langu. Pa kuanika hapakuwepo. Wifi akaitazama ile miti iliyolala, matawi yake yameoshwa na mvua, yamefika kiunoni tu. Akatandaza blanketi juu yake, na jingine. Mikono haikupanda hata mara moja.

Shoka, aliyesikia miti imeanguka, akaja na shoka lake. "Mama, nianzie wapi?"

"Keti kwanza. Hayajakauka."

"Na miti iko wapi?"

"Imelala," nikamjibu mimi. "Si unaona imefunikwa?"

Wifi alisinzia palepale, mgongo kwenye shina, na Shoka ndiye aliyeyageuza mablanketi jua lilipohama. Jioni mtu wa nyumba ya wageni akayapapasa. Moja lilikuwa na unyevu pindoni. Akamtazama wifi, akalikunja, akalichukua hivyo hivyo.

"Kesho tunaleta mashuka," akasema.

"Leteni," akajibu wifi, macho hajayafumbua. Halafu akamwambia Shoka apunguze majani tu, magogo ayaache yalivyolala.