Ramadhani Mama Alipofungua Mchana

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, lakini Ramadhani ile alifunga kama sisi wote pale Bondeni, Nakuru. Adhuhuri moja, akichambua mchele, mikono ilianza kutetemeka na jasho likamtoka, ingawa kulikuwa na baridi. Baba akajua sukari imemshuka mwilini, akakoroga maji ya sukari haraka.

"Kunywa, mama watoto. Mgonjwa ameruhusiwa."

"Nitamwambia nini Mungu?"

"Yeye ndiye aliyekuruhusu."

Akanywa huku analia. Baadaye mikono ikatulia, nasi tukashusha pumzi. Tangu hapo alikula kwa wakati, maharagwe na mboga za majani, na badala ya saumu akawa anamfuturisha mjane jirani yetu. Siku ya Idi alitembea mwenyewe hadi uwanja wa swala, akicheka na wenzake.