Msafiri wa Saba

Enzi zetu, televisheni ilianza na kunawa miguu. Katika avenyu yetu pale Buyenzi televisheni nzuri ilikuwa moja tu, ya Mama Hadija, mke wa Mwarabu mwenye duka la vitenge, na mama yule hakutaka kuliona vumbi letu kwenye mkeka wake. Jumapili jioni tulipanga mstari bombani, tukasugua nyayo kwa jiwe, tukaingia sebuleni tukiacha alama za maji sakafuni. Kwa jirani ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa, na harufu yao ilipita dirishani ikakutana na ya sambusa. Mtu akiniuliza leo utoto wangu ulinukia nini, nitamwambia: ndagala, saruji iliyolowa, na mgongo wa televisheni uliopata moto.

Kipindi tulichokipenda kilikuwa cha wasafiri wa angani. Walisema Kifaransa, na Kifaransa chetu kilikuwa cha kuhesabu hadi mia na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo tulimtegemea Dada Hadija, binti wa nyumba, aliyekuwa sekondari. Alikaa kwenye kiti nyuma yetu, sinia la mchele mapajani, akichambua huku akitutafsiria. Bwana mwenye ndevu akiongea dakika nzima, Dada Hadija alisema, "Amekataa," basi. Tulimwamini kuliko mwalimu wa madrasa.

Tulikuwa watano, na mchezo wetu ulikuwa kukamata makosa. Waliotengeneza picha ile walikuwa watu wa haraka. Nahodha alijeruhiwa mkono wa kushoto, akafungwa bendeji mkono wa kulia. Walisema moto umekwisha chomboni, na hapohapo chai inatoa mvuke. Saa ya ukutani ilikwenda mbele ikarudi nyuma kama mlevi. Aliyeliona kosa kwanza alisema "Nimekamata" na akapewa mto wa kukalia. Mto huo karibu kila Jumapili ulikuwa wa mwenzetu mmoja, mtoto wa karani wa serikali, Mkristo peke yake kati yetu, mwenye macho makali kuliko sisi sote. Jina lake sitalitaja bado.

Jumapili ninayoikumbuka, chombo kilisimama katikati ya giza, injini kimya. Nje kulikuwa na kitu. Hakikuonyeshwa hata mara moja, kiligonga tu: mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena mahali pengine pa ukuta. Wasafiri walikuwa saba, tuliwahesabu. Wa saba alikuwa mwembamba, mwenye koti la kijivu, asiye na maneno. Kitu kile kilipozidi kugonga aliinuka mezani akaingia kwenye ujia mrefu, na taa zikazimika nyuma yake moja moja. Picha ikabadilika. Sasa wanakunywa chai. Watu sita, vikombe sita. Hakuna aliyegeuza shingo kuutazama ule ujia. Mwishoni chombo kikafika nyumbani, wakateremka sita, wakapigiwa makofi.

"Dada, yule wa koti yuko wapi?" mwenzetu akauliza.

Dada Hadija akaacha kuchambua mchele. Mwenzetu alikuwa amegeuka kabisa, anamtazama usoni, hataki kupepesa.

"Amebaki nyuma anashikilia mulango," Dada Hadija akasema hatimaye. "Kile kitu kinasikia majina. Wakimwita, kitamupata. Ndiyo maana wananyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka arudi mwenyewe."

Mwenzetu alipoigeukia tena televisheni, kipindi kilikuwa kinakwisha. Chombo kitupu kimeegeshwa, dirisha lake dogo linaonekana kwa mbali, na kwenye kioo, kwa ndani, pakatokea mkono. Ukaonekana kidogo tu, ukaondoka. "Nimekamata," mwenzetu akasema, lakini kwa sauti ndogo, na siku hiyo hakuudai mto.

Haikupita miezi mingi, miaka ile mibaya, ya watu kuchukuliwa na kukimbia usiku, ikaingia mjini. Asubuhi moja nyumba ya karani ilikuwa na kufuli. Shati la shule la mwenzetu lilikuwa bado kwenye kamba, limekauka hadi likawa gumu. Siku ya pili shati halikuwepo. Baada ya juma moja watu wengine walikuwa wanaishi mle, na pazia la kijani dirishani. Nilipomuuliza mama, alisogeza sahani karibu yangu. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa. Mutoto haulizi habari za watu." Wakubwa walikaa barazani kama kawaida yao, wakamimina chai, wakaongea juu ya mvua.

Shuleni mwalimu aliita orodha. Alipofika kwa mwenzetu aliruka, akaenda kwa jina la chini yake bila hata kuvuta pumzi. Sisi wanne tulitazamana. Tulielewa: mwalimu naye anajua. Hatukuwa na mioyo migumu, tulikuwa tunamlinda. Tangu siku ile hatukulitamka jina lake, wala kwa kunong'ona, wala tulipogombana. Jumapili tulikaa mkekani na mto ukabaki pembeni, hakuna aliyeudai.

Mimi ni mtu ambaye nyayo zinamwasha, hatulii mahali. Nimeishi Uvira, nimeishi Kigoma, nimekaa miji ambayo sasa naichanganya. Katika mji mmoja ng'ambo ya ziwa kulikuwa na ofisi inayotafuta watu waliopotezana. Niliingia, nikakaa kwenye benchi, zamu yangu ikafika. Mama wa ofisini akainua kalamu. "Unamtafuta nani?" Nikafungua mdomo. Nje kitu kikagonga mara tatu, kikanyamaza. Pengine alikuwa fundi bati. Nilimwambia simtafuti mtu, nilikuwa nakimbia jua. Nilikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu.

Mwaka huu nimerudi. Kati ya wale wanne mmoja amefariki, wawili sijui walipo, kwa hiyo nikapanda hadi mtaa wa Mutanga Nord kumtafuta Dada Hadija. Sasa ni bibi, nywele nyeupe chini ya mtandio. Mjukuu wake Samira, mwenye miaka kumi na miwili, alikipata kipindi kile kwenye simu kabla sijamaliza kupuliza chai yangu. Nilitaka kumwonyesha ile bendeji. Akanicheka. Makosa yote, aliniambia, watu wameshayaandika kwenye orodha, mtu hahitaji hata kuangalia picha. Akanisomea: bendeji, mvuke wa chai, saa. "Na yule wa saba, wanasema sehemu yake ilikatwa. Wamemusahau tu."

Nikamwomba aende mwisho. Aliisukuma picha kwa kidole, mbele na nyuma. Dirisha, kioo, mkono. Bado upo. "Ni mupiga picha," Samira akasema. Nikamwuliza kama orodha inasema hivyo. Akatafuta mara mbili. Mkono haukuwemo katika orodha.

Ndipo nikamgeukia bibi yake. "Dada, yale maneno ya majina, waliyasema wenyewe?"

"Maneno gani?" Nilipomkumbusha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mi Kifaransa chao nilikuwa sisikii hata nusu. Yule mutoto alinikazia macho, nikatunga kitu apate kulala."

Nikamweleza tulichokifanya na maneno yake. Nikamweleza na ile ofisi. Akaweka kikombe chini.

"Mulinyamaza kwa sababu yangu?"

"Apana, Dada. Kila mutu alikuwa ananyamaza. We tu ndiye ulitupa sababu."

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Sura yake naiona," akasema. "Jina limekwenda. Nikumbushe."

Hapo nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa mkekani. Kama yeye hana jina lile, basi nilikuwa nalo mimi peke yangu.

Watoto wa siku hizi wana bahati wasiyoijua. Mtu akichelewa nusu saa simu inalia, picha yake inazunguka mji mzima, kila aliye nayo anauliza yuko wapi. Sisi tulijua kukamata kosa, bendeji na saa na kikombe, tukasifiwa kwa macho yetu. Kosa moja tu ndilo tuliloliona na kulitii.

"Fulgence," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ya kitoto. Tukategea sikio kama ukuta utagongwa, na naapa hata Samira alikuwa anasikiliza. Kisha akavuta simu yake, akataka nimtajie herufi moja moja.

"Na baba yake? Nitafute jina gani la baba?"

Nikafikiri. Katika avenyu yetu mzazi aliitwa kwa jina la mtoto wake, na mama yake Fulgence vilevile. Tulipoliacha jina lile, tuliiacha nyumba nzima.

"Baba Fulgence," nikamwambia. "Hatukuwa na jina lingine la kumwita."