Siku Mama Aliporudisha Ng'ombe wa Watu

Mimi mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana siku ile mama aliniambia, "Njoo, lakini ukae kimya." Nilitoka Bariadi, ninakofanya kazi, nikaenda kumsaidia kurudisha ng'ombe wa watu.

Kwa miaka mingi mama alikuwa akimfugia tajiri mmoja wa Kimali ng'ombe wake, hapo kwetu Mwandoya. Walikubaliana kwa mdomo, mbele ya majirani: maziwa na samadi ni vya mama, dawa analeta mwenye ng'ombe, na ndama jike wa kwanza kuzaliwa zizini kwetu atakuwa wa mama. Mama hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kwake. Huyo ndama ndiye mama aliyekuwa akimngoja.

Dawa hazikuja, mama akanunua mwenyewe. Ndama akazaliwa, akakua, akawa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani, anamfuata mama mpaka kisimani. Tajiri akaanza danadana: ngoja mavuno, ngoja mvua. Mwisho akasema yeye mwenyewe amempenda yule mtamba, hamtoi, mama asubiri mwingine. Nyoo! Mimi nikasema tumfiche, tuone atatufanya nini.

Mama akaita majirani walewale. "Mliona tulivyoanza. Naomba muone ninavyoacha." Akampigia tajiri simu, akamwambia kesho anamrudishia wote.

Asubuhi hakukamua. Viwele vimejaa, sisi tuna chai ya rangi. Akawafungulia ndama wakanyonya mpaka povu likawatoka mdomoni. "Jana nimesema basi," akaniambia. "Maziwa haya si yangu." Jamani! Nilisimama pale zizini nikamwangalia mama yangu kama mtu nisiyemjua.

Tukawaswaga hadi Kimali. Matusi nilikuwa nayo tayari. Mama alisalimia tu, akawaingiza zizini, akasema, "Baba, ahadi yako imekushinda. Ng'ombe wako hawa hapa, wazima."

Tajiri akacheka. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "hasira hasara. Utakunywa maziwa ya nani?"

Mama akachukua fimbo yake, akashika njia. Nami nikamfuata na matusi yangu yote.

Tulikuwa tumeshapita lango tuliposikia kwato nyuma yetu. Yule mtamba mwekundu anatufuata. Nikasema kimoyomoyo, Mungu ametujibu. Tajiri naye aliacha kucheka. Mama akageuka, akainua fimbo ambayo hakuwahi kumgusa nayo, akamchapa mgongoni. Mtamba akashtuka, akasimama, akamtazama. Akamchapa tena, mpaka akarudi.

Tukaendelea na njia. Mama analia waziwazi, machozi hafuti.

"Mayu, si tungemwacha tu? Amekuja mwenyewe."

"Angetufuata mpaka nyumbani," alisema. "Na mimi nisingeweza kumrudisha mara ya pili."