Jumbe Odilo na Kisu cha Kugemea

Odilo hakuzaliwa mpole. Kabla ya kupewa ujumbe, yaani ukuu wa kijiji chini ya boma la Wazungu, aliwauzia viazi madereva wa malori pale Makambako, na sauti yake ilifika kabla ya gunia lake. Mwaka wake wa kwanza wa ujumbe aliumaliza kwa kufoka. Watu walikuja kwenye kazi za boma siku moja, kesho yake wakayeyuka. Odilo hakupenda biashara ya hasara. Akaona kelele hazimlipi.

Dawa aliipata nyuma ya nyumba. Kila masika, kama majirani zake, aligema ulanzi, pombe ya mianzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa kichwa, kisha asubuhi na jioni huchongwa tena kidogo sana, utomvu uendelee kudondoka ndani ya mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachofungwa kwenye ncha. Ukichonga kwa hasira, kisu kinazama na chipukizi linaharibika. Usipochonga, linakauka. Basi akajiwekea sharti: hasikilizi shauri lolote kabla hajamaliza mianzi yake.

Masika moja, baada ya vita vya Hitla, mvua iliila barabara ya Makambako kwenye bonde la kijiji chake. Amri ikatoka bomani: kila mwanamume afike bondeni alfajiri kuitengeneza, arudi jua likizama. Odilo akaitangaza kama ilivyo. Hakuja mtu.

Asubuhi iliyofuata akafika Kasimiri, tarishi wa boma.

"Jumbe, Bwana Shauri, mkubwa wetu wa boma, anapita kesho kutwa. Gari lake likikwama, ujumbe huna. Nipe majina ya wakaidi niwakamate."

Odilo alihisi damu inampanda. "Kaa kwanza, Bwana Tarishi. Nikachonge."

"Uchonge? Kiti chako kinaungua, wewe unawaza pombe!"

"Mwache aende," akasema mkewe Oktavia kutoka jikoni. "Asipoichonga mianzi, atatuchonga sisi."

Akaenda nyuma ya nyumba, hasira ingali juu. Chipukizi la kwanza kisu kilizama. Alitukana, akafuta kisu kwenye suruali, akasubiri pumzi ishuke. La pili likaenda vizuri, la tatu vizuri zaidi. Alipoinua kichwa akamwona jirani yake Yoeli ng'ambo ya kijito, naye ameinamia mianzi yake.

"Kamwene, Jumbe!"

"Kamwene. Bondeni hukuja?"

"Nije alfajiri, nirudi gizani, hii nimwachie nani? Wewe umemwachia nani?"

Odilo akajiuliza hilohilo. Yeye tarishi alimngoja kwa sababu ni jumbe. Yoeli nani angemngoja? Amri ile ameitangaza kwa mdomo wake mwenyewe, kisu cha kugemea kikiwa kiunoni.

Akarudi nyumbani.

"Majina sina," alimwambia Kasimiri. "Waje wakishachonga, waondoke kabla ya kuchonga jioni."

"Boma limesema alfajiri."

"Boma linataka barabara au linataka alfajiri?"

Kasimiri akakuna shingo. "Na wasipokuja?"

"Kamata mmoja tu. Mimi."

"Na mimi huko bondeni nitakaa koo kavu?"

"Sasa tunaongea kama watu wazima," Odilo akasema, akamwagizia mbeta moja.

Odilo akatuma neno, nao wakaja siku ileile, jua likiwa limepanda, majembe begani, Yoeli mbele. Jioni mtaro wa kutoa maji barabarani ulikuwa nusu. Kasimiri akasimama njiani: hakuna kuondoka! Wanaume wakamgeukia Odilo. Naye alikuwa anauona ujumbe wake umelala ndani ya mtaro ule, na kelele za zamani zimeshamfika mdomoni. Akazimeza.

"Tulipatana," alisema. "Nendeni."

Usiku ule hakulala vizuri. Lakini asubuhi walikuja wengi kuliko jana, hata wale waliokuwa wamejificha, maana walishaona kwamba kuondoka kunaruhusiwa kweli.

Bwana Shauri alipita kesho yake bila kushuka garini.

Lile chipukizi la kwanza likakauka. Odilo akaling'oa, akaona kwa ujumbe mzima hiyo si bei kubwa, akaenda kuchonga mengine.