Nilivyoruhusu Kompyuta Ifute

Nicheke nanyi mnicheke. Mjukuu wangu Boke alikuwa anatengeneza programu ya mnada wa ng'ombe, kesho yake akaionyeshe kwa waliomwagiza. Kwenye kompyuta yake kuna msaidizi, si mtu bali programu, anayemwandikia kazi, ila kabla ya kushika kitu lazima aombe ruhusa. Boke akatoka kuchota maji.

"Bibi, usiguse!" akaniambia akiwa mlangoni.

Mara msaidizi akaandika: "Niruhusu nifute folda yote?"

Mimi wa darasa la pili nikaelewa hapo kwenye "nifute" tu. Na vumbi la hapa kwetu Nyanungu lilivyojaa kwenye kile kioo! Msaidizi ana adabu hivyo, nimkatalie? Nikagusa "Ruhusu."

Boke akarudi, akapiga yowe. "Bibi! Nani kaiambia ifute kazi yangu?"

"Mimi," nikajibu kwa maringo. "Lakini ni jivivu. Vumbi si hilo bado lipo!"