Dele la Mama

Mama hakukubali nimchore. "Ukinchora mie, siku ya Kiyama utaambiwa unitie roho. Utaweza?" Aliuliza huku anacheka, lakini uso hakunigeuzia. Mimi huandika mabango ya maduka Konde, kukataliwa nimezoea. Nikamwambia basi nitachora vitu vyake, visivyo na roho.

Alikufa kabla sijaanza.

Baada ya hitima nikapanga mezani dele lake la shaba la kahawa, kata ya kifuu na kanga ya kisutu. Nikafunga madirisha, nikaacha bawa moja wazi. Jua likaingia ubavuni, likalikata dele nusu kwa nusu, huku dhahabu, huku kiza. Kwenye mpini palikuwa na weusi wa moshi uliolainishwa na vidole vyake, ukimeta kidogo juani. Huo ndio nilioutaka. Uso sina, basi angalau mkono.

Rangi za mafuta hazitaki pupa. Kiza hupakwa kwanza, chembamba, kikauke. Mwanga huja mwisho, mzito. Nikapaka kiza, nikangoja. Lakini masika ya Pemba hata nguo hazikauki, seuze rangi. Kila asubuhi naigusa picha, kidole kinatoka cheusi. Nilifikia kuichukia mvua.

Khaloo, dada yake mama, akaja kutoka Kisiwa Panza kugawa vitu. Nikamwomba asubiri kidogo.

"Vino vyombo vya marehemu, mwanangu. Vikikaa, yeye huko hapumziki. Na dele la kunywea kahawa hilo, si la kutazamwa."

Kanga akapewa jirani, kata dada yangu, dele akalichukua mwenyewe. Nikawahi kulipiga picha kwa simu. Simu ikaangaza kila pembe, kiza chote kikapotea.

Rangi ilipokauka nikavuka kwenda Panza. Khaloo akanimiminia kahawa kwa dele lile lile. Alikuwa kalisugua kwa ndimu na mchanga, linang'aa mpaka mpini, weusi wote umetoka. Kafanya kwa mapenzi, nitamlaumu vipi? Nikanywa, nikashukuru.

Picha ipo ukutani hadi leo: vivuli vya vitu vitatu, kila kimoja mahali pake. Nimejaribu kuupaka mwanga kwa kukumbuka, linatoka dele la dukani. Wageni huuliza nitaimaliza lini. Mama alihofia nitaambiwa nitie roho. Hata huo mwanga wa mpini sikuuweza.